Mwenye Mgodi na Mwenye Njia: Biashara ya Shaba na Kobalti katika Uchumi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna biashara ya shaba na kobalti inavyoendeshwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan katika eneo lililoitwa Katanga hadi mwaka 2015. Hoja yake ni kwamba mgawanyo wa mapato ya madini hayo hauwezi kuelezwa kikamilifu kwa kutazama umiliki wa migodi na viwango vya kodi peke yake. Njia ya kuutoa mzigo na umeme wa kuusafisha vimekuwa na uzito uleule tangu enzi za Msiri hadi hatua ya serikali ya mwaka 2025 ya kuweka mgawo wa kobalti.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, kiasi kilichoiweka katika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile. Kwa upande wa kobalti haina mshindani wa karibu, kwani zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi yake. Madini haya mawili hupatikana karibu yote katika ukanda mmoja unaoanzia jirani na Lubumbashi hadi magharibi ya Kolwezi, katika majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba.

Katika maandishi mengi kuhusu uchumi wa nchi hii, swali huulizwa kwa namna moja: kwa nini nchi yenye utajiri wa kiasi hicho ina wananchi maskini kiasi hicho? Majibu ya kawaida ni mawili. La kwanza huwalaumu watawala kwa ufisadi na uzembe. La pili huzilaumu kampuni za kigeni kwa mikataba ya kinyonyaji. Yote mawili yana ukweli, na makala haya hayakusudii kuyakanusha. Udhaifu wake ni kwamba yanautazama mgodi kana kwamba ndio mwisho wa safari. Shaba iliyoko chini ya ardhi ya Kolwezi, au hata ile iliyokwisha kupakiwa uani mwa kiwanda, bado haijawa fedha. Huwa fedha inapofika mahali ambapo meli inaweza kuichukua, na kwa sehemu kubwa bandari zinazoipokea zimo katika nchi za watu wengine: Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay na Lobito.

2.0 Njia kabla ya reli

Shaba ya Katanga ilikuwa bidhaa ya biashara karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Mafundi wa huko waliiyeyusha kwa makaa na kuimimina katika kalibu za udongo zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha katika eneo pana la Afrika ya Kati. Aliyeigeuza biashara hiyo kuwa mamlaka ya kisiasa ni Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, ambaye katika nusu ya pili ya karne ya 19 alijenga utawala wake Bunkeya. Wafuasi wake walijulikana kuwa Wayeke.

Kinachofaa kuzingatiwa katika habari za Msiri ni mahali alipokaa zaidi ya mali aliyokuwa nayo. Bunkeya ilikuwa kati ya njia mbili. Moja ilielekea mashariki kupitia Ziwa Tanganyika na Tabora hadi Bagamoyo, na nyingine ilielekea magharibi hadi Benguela katika pwani ya Angola. Shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa walitoka kwa njia hizo. Bunduki, baruti na nguo vikaingia. Mfanyabiashara wa mashariki akiringa bei, yuko wa magharibi. Uwezo huo wa kuchagua mnunuzi ndio uliompa nguvu.

Msafara uliomwangusha ulipita katika mojawapo ya njia hizohizo. Kapteni William Stairs, aliyetumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alichukua wapagazi wake Zanzibar na kufuata barabara ya biashara kutoka Bagamoyo. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold, naye akauawa tarehe 20 Desemba 1891.

3.0 Reli ya kusini na njia ya taifa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, lakini uyeyushaji haukuanza hadi mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo. Reli hiyo ilitoka kusini, katika Rhodesia iliyokuwa chini ya Waingereza, na ndiyo iliyoleta makaa ya mawe kutoka Wankie na kuirudisha shaba hadi baharini. Hivyo tangu siku ya kwanza koloni la Ubelgiji lilimiliki mgodi, na Waingereza wakamiliki moto wa kuyeyushia na mlango wa kutokea.

Wabelgiji waliuelewa udhaifu huo na wakajaribu kuuondoa. Mwaka 1921 walipata kwa mkataba haki ya kuwa na gati zao Kigoma na Dar es Salaam, mahali palipokuja kuitwa Belbase. Mwaka 1928 walikamilisha reli ya kutoka Katanga hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na kuunda kile kilichoitwa njia ya taifa. Jina lilikuwa zuri kuliko safari yenyewe. Mzigo ulishushwa kutoka garimoshi kwenda mashua Ilebo, ukashushwa tena kutoka mashua kwenda garimoshi Kinshasa, kisha ukapakiwa melini Matadi. Kila kituo kilidai kuli, muda na upotevu wake. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilipoungana na ya Katanga, njia fupi kuliko zote ya kufika baharini ilipatikana, nayo pia ilikuwa katika ardhi ya wengine, safari hii Wareno.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulifuatwa ndani ya siku 11 na tangazo la kujitenga kwa Katanga, lililodumu hadi Januari 1963. Kwa muda huo serikali ya Léopoldville ilipoteza chanzo chake kikuu cha fedha za kigeni. Kumbukumbu ya kujitenga huko ndiyo ufunguo wa kufahamu sera zilizofuata, ikiwemo ile inayojadiliwa katika sehemu ifuatayo.

4.0 Gécamines na waya wa Inga

Serikali ya Mobutu ilizitaifisha mali za Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967, na shirika la umma lililozirithi likaja kujulikana kama Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa likizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kwa wakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi shirika hilo lilikuwa zaidi ya mwajiri, kwani liliendesha shule, hospitali na nyumba, na kugawa unga wa mgao kwa familia za wafanyakazi.

Umiliki wa umma ulikuwa kamili, lakini njia ilikuwa imekwisha kufungwa. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975, reli ya Benguela ilikatika. Shaba ililazimika kuzunguka kupitia kusini, katika reli za Rhodesia na Afrika Kusini, au kurudi katika njia ya taifa pamoja na upakuaji wake. Hayo yalitokea wakati bei ya shaba duniani ilikuwa imeporomoka tangu mwaka 1974, huku Zaire ikiwa imekopa kwa kutegemea bei ya zamani.

Katika mazingira hayo ndipo ulipojengwa mradi unaostahili kuangaliwa kwa makini kuliko mikataba mingi ya migodi. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kuzalisha umeme mwaka 1972 na la pili mwaka 1982, yote mawili karibu na mlango wa Mto Kongo, upande wa pili wa nchi. Ili kuufikisha umeme huo migodini, ulivutwa waya wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi. Katanga ilikuwa na mito yake na mabwawa yake, na wahandisi walijua kwamba yangeweza kuongezwa. Wachambuzi wengi wameona katika uamuzi huo hofu ya jimbo kujitenga tena: jimbo linalopata umeme kutoka mbali linaweza kuzimiwa kutoka mbali.

Teknolojia iliyochaguliwa ilikuwa ya mkondo mnyoofu. Kwa masafa marefu mkondo huo hupoteza nguvu kidogo, lakini hauwezi kuchotwa njiani bila mtambo ghali wa kuugeuza. Mitambo hiyo ilijengwa miisho yote miwili, Inga na Kolwezi. Katikati, vijiji vilivyo chini ya nguzo viliendelea kuwasha vibatari, na hali hiyo imebaki vivyo hivyo kwa sehemu kubwa ya njia. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa uchumi unaopita juu ya vichwa vya watu bila kuwagusa.

Mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ulipobomoka mwaka 1990, Gécamines ilikuwa tayari imedhoofika. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wake ulikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa muongo uliotangulia. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Baadhi yao, pamoja na watoto wao, waliingia katika mashimo ya zamani wakiwa na sururu na magunia.

5.0 Sheria ya 2002, sheria ya 2018 na gharama ya barabara

Sheria ya Madini ya Julai 2002 iliandikwa ili kuwavuta wawekezaji katika nchi iliyokuwa ikitoka vitani, nayo ilifaulu. Marekebisho ya Machi 2018 yaliandikwa baada ya serikali kuona jinsi wawekezaji hao walivyonufaika. Mijadala ya hadharani imejikita katika viwango: mrabaha wa shaba na kobalti ulipandishwa kutoka asilimia 2 hadi 3.5, madini yatakayotangazwa kuwa ya kimkakati yakapewa asilimia 10, na hisa za bure za serikali katika migodi mipya zikaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Kobalti ilitangazwa kuwa ya kimkakati kabla ya mwaka huo kwisha.

Badiliko lililozungumzwa kidogo ni lile la msingi wa kukokotolea. Chini ya sheria ya 2002, mrabaha ulitozwa juu ya mapato ya mauzo baada ya kutoa gharama za usafirishaji, bima, upimaji wa ubora na uuzaji. Maana yake ni kwamba barabara mbovu, foleni ya mpakani na ada za bandari ya kigeni vililipwa kwa sehemu na hazina ya Kongo yenyewe. Sheria ya 2018 inautoza mrabaha juu ya thamani ghafi ya kibiashara.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, tani moja ya shaba inayouzwa kwa dola 6,000 za Marekani, na gharama za kuifikisha sokoni ni dola 500. Kwa kanuni ya zamani serikali ingepata asilimia 2 ya dola 5,500, yaani dola 110. Kwa kanuni mpya inapata asilimia 3.5 ya dola 6,000, yaani dola 210. Kama kiwango kingepandishwa bila kuubadili msingi, ingepata dola 192.50. Tofauti ya dola 17.50 ni ndogo kwa tani moja, lakini kwa tani milioni moja ni dola milioni 17.5. Hata hivyo gharama za njia hazijaondoka katika hesabu za serikali. Bado hupunguza faida ya kampuni, na kwa hiyo hupunguza kodi ya faida.

Mrabaha huo hugawanywa kisheria: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mtaa ulipo mgodi na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni mgawanyo wa busara. Utekelezaji wake, hasa katika ngazi ya chini, hutegemea kama halmashauri yenye mhasibu mmoja inaweza kuhakiki tani zilizotangazwa na kampuni yenye idara nzima ya uhasibu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari liko mikononi mwa mlipaji.

Suala la umeme linarudi katika sheria hizi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2013 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia, kwa lengo kwamba shaba isafishwe nchini. Msomaji wa Tanzania ataikumbuka hatua ya namna hiyo iliyochukuliwa nchini mwake mwaka 2017. Tofauti ni kwamba marufuku ya Kongo ilisitishwa mara kwa mara kwa vibali maalumu, kwa sababu hapakuwa na umeme wa kutosha wa kusafishia. Shehena ya makinikia kwa kawaida huwa na shaba chini ya nusu ya uzito wake. Kilichobaki ni mawe na salfa vinavyolipiwa nauli hadi ng'ambo. Kampuni zimelazimika kugharimia zenyewe ukarabati wa mitambo ya serikali. Wamiliki wa mgodi wa Kamoa-Kakula walifadhili ufufuaji wa bwawa la Mwadingusha na wa mtambo mmoja wa Inga wenye uwezo wa megawati 178. Migodi mingine hununua umeme Zambia, na ukame wa mwaka 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, upungufu huo ulihisiwa hadi Kolwezi.

6.0 Kasumbalesa

Mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Haut-Katanga na Zambia, ndio mlango mkuu wa biashara hii. Malori yanayotoka hubeba mabamba ya shaba na magunia ya hidroksidi ya kobalti. Yanayoingia huleta salfa, kemikali, mafuta, vipuri na chakula. Katanga haijitoshelezi kwa mahindi. Zambia inapozuia uuzaji wa mahindi nje, mama wa Lubumbashi hulijua jambo hilo kwa bei ya unga wa bukari kabla gazeti halijaliandika.

Agosti 2024 palitokea mgogoro unaoonesha udhaifu wa mlango huu kuliko takwimu yoyote. Kongo ilikuwa imezuia uingizaji wa soda na bia kutoka nje ili kulinda viwanda vyake, na wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa. Zambia ilijibu kwa kuifunga mipaka yake na Kongo. Kwa siku chache, nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba ilibanwa katika njia yake kuu ya kusafirisha madini kwa ugomvi wa vinywaji. Mipaka ilifunguliwa baada ya mazungumzo.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hatua hiyo ilipokewa kwa matumaini Dar es Salaam. Lakini lori la kutoka Lubumbashi hadi bandari hiyo, safari ya takriban kilomita 2,000, hupitia Zambia na kuingia Tanzania kwa Tunduma, na Zambia si mwanachama wa Jumuiya. Kwa hiyo uanachama huo, kwa biashara ya shaba, umeunganisha miisho miwili ya barabara na kuiacha katikati yake nje.

Upande wa magharibi, reli ya Benguela ilijengwa upya na Wachina kufikia mwaka 2014. Mwaka 2022 Angola iliikabidhi kwa miaka 30 kwa ubia wa kampuni za kigeni, na Marekani pamoja na Umoja wa Ulaya wakaupigia debe ushoroba wa Lobito. Wakati huohuo China imejitokeza kuifufua TAZARA. Ushindani huo unaweza kuirejeshea Katanga fursa aliyokuwa nayo Msiri ya kuchagua kati ya mashariki na magharibi. Sharti ni kwamba anayechagua awe Kongo. Kwa sasa anayeamua lori lielekee wapi ni kampuni inayochimba au dalali aliyekwisha kuununua mzigo, na reli ya upande wa Kongo, takriban kilomita 400 kutoka Kolwezi hadi mpaka wa Angola, ndiyo kipande dhaifu kuliko vyote vya ushoroba huo.

7.0 Kobalti: kuufunga mlango kwa makusudi

Tukio la kwanza la serikali kuutumia mlango kama silaha lilihusu mgodi wa Tenke Fungurume, unaomilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya CMOC ya China. Gécamines, yenye hisa chache humo, ilidai kwamba akiba ya madini ilitangazwa pungufu ili kukwepa malipo. Mauzo ya nje ya mgodi huo yalizuiwa tangu Julai 2022. Aprili 2023 CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800 kumaliza shauri hilo, mbali na gawio. Hakuna kifungu cha kodi kilichowahi kuleta jibu la haraka namna hiyo.

Februari 2025 silaha hiyo ilitumika kwa nchi nzima. Bei ya kobalti ilikuwa imeshuka mno kwa sababu ya wingi wa mzigo sokoni, na serikali ikasimamisha usafirishaji wote wa kobalti kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 marufuku ilibadilishwa kuwa mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mmoja wa miaka 2026 na 2027. Kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Mafanikio hayo yana mipaka miwili. Kwanza, kobalti ya Kongo ni zao la pili la shaba. Shaba ikiwa na bei nzuri mgodi hausimami, na kobalti huendelea kurundikana ghalani hata isiporuhusiwa kutoka. Pili, mnunuzi naye ana pa kukimbilia. Indonesia huzalisha kobalti pamoja na nikeli, na betri za fosfati ya chuma, ambazo hazitumii kobalti kabisa, zimeenea katika magari ya umeme ya China, nchi inayosafisha sehemu kubwa ya kobalti duniani.

Upo pia mpaka wa tatu, ambao haumo katika hesabu za soko. Mgawo hutolewa kwa kutazama kiasi ambacho kila kampuni ilisafirisha miaka iliyopita. Mchimbaji mdogo wa Kolwezi hana rekodi ya kusafirisha chochote. Huuza gunia lake kwa mchuuzi, mchuuzi huuza kwa bohari, na jina lake huishia hapo. Kampuni ya umma ya Entreprise Générale du Cobalt iliundwa mwaka 2019 ili kununua kobalti ya wachimbaji wa namna yake kwa utaratibu unaofuatika. Kama sehemu ya mgawo itakayopitia kampuni hiyo haitatosha, mchimbaji huyo atakuwa na hiari mbili: kumuuzia kwa bei ya kutupa mwenye kibali, au kusubiri shimoni bei iliyopanda bila yeye kuiona.